Presha Ilifikaje Kwetu Shieywe

Mhudumu wa afya ya jamii alipita kwetu Jumamosi moja asubuhi na begi lake mgongoni. Ni mama jirani, tumeishi naye hapa Shieywe tangu nikiwa mtoto, kwa hivyo hakubisha hodi mara mbili. Alikuja kumpima kukhu. Kukhu ana miaka themanini na kitu. Cheti chake cha ubatizo kinasema mwaka mmoja, yeye mwenyewe anasema mwingine. Akanyoosha mkono, mashine ikavuma, ikatoa 124 kwa 76.

"Kukhu, wewe ni msichana," jirani akasema.

Halafu akanigeukia. "Na wewe leta mkono."

Nilicheka. Nina miaka ishirini na sita, natembea kwa miguu hadi stendi kila siku kwa sababu nauli ya boda imepanda. Mashine ikavuma. 148 kwa 96. Akaniambia nitulie, nisiongee, nikae miguu chini. Baada ya dakika tano akapima tena: 146 kwa 94. Akaniuliza kama nimekunywa kahawa, kama nimekimbia, kama nina mawazo. Nikamwambia nimetoka tu kitandani. Akaandika kwa daftari lake na kuniambia nirudi nipimwe siku nyingine mbili, kwa sababu namba za siku moja hazitoshi kumwita mtu mgonjwa.

Kukhu alikuwa ananiangalia. Alikuwa anafikiria kile nilichokuwa nafikiria mimi. Baba yangu, ambaye ni mtoto wake, alianguka bafuni miaka saba iliyopita. Kiharusi. Upande wa kushoto ukalala na haujaamka vizuri hadi leo. Karo yangu ya mwaka wa pili ikawa pesa ya hospitali, ndiyo maana mimi ni mtu aliyesoma historia nusu nusu chuoni na nusu nyingine kwenye simu. Hakuna aliyekuwa amewahi kumpima baba presha kabla ya siku hiyo.

Kwa hivyo nina swali la mtu mwenye hofu. Inawezekanaje mama awe 124, mtoto wake aanguke, na mjukuu wake aanze 148 kabla hajafika thelathini? Nilianza kutafuta, na nikakuta kwamba swali hili lina karibu miaka mia moja na lilianzia karibu kabisa na hapa.

Mwaka wa 1929, daktari mmoja Mwingereza, C. P. Donnison, alichapisha makala katika jarida la Lancet la London kuhusu shinikizo la damu la Mwafrika. Alikuwa afisa wa afya wa serikali ya kikoloni huko Kavirondo ya Kusini, upande wa Kisii. Alisema kwamba kwa takriban miaka miwili, katika hospitali ya wenyeji karibu na Ziwa Victoria, walilazwa wagonjwa kama 1,800 na hakukutana na hata mmoja mwenye presha ya juu. Kisha akawapima watu 1,000 wasio wagonjwa. Vijana walikuwa na namba zinazofanana na za vijana wa Ulaya. Tofauti ilianza baada ya miaka arobaini. Ulaya, presha ilipanda kadiri mtu alivyozeeka. Hapa kwetu haikupanda. Ilielekea hata kushuka kidogo.

Hebu fikiria hilo. Leo ukiingia kliniki yoyote ya mji huu siku ya presha na sukari, utakuta benchi zimejaa wazee. Tumezoea kiasi kwamba tunaona presha ni sehemu ya uzee, kama mvi. Babu wa babu zetu, kwa ushahidi wa daktari wa mkoloni mwenyewe, walizeeka bila hiyo.

Sasa tatizo la Donnison lilikuja kwenye maelezo. Mwaka wa 1937 aliandika kitabu kizima, Civilization and Disease, akidai kwamba presha, kisukari na magonjwa mengine ya aina hiyo ni gharama ya ustaarabu. Mzungu ana presha kwa sababu akili yake imebebeshwa maisha magumu ya kisasa. Mwafrika hana kwa sababu bado yuko katika hali ya asili na moyo wake umetulia.

Moyo umetulia? Mwaka wa 1929? Wanaume aliowapima wa umri wa makamo walikuwa wa kizazi kilichobebeshwa mizigo ya jeshi katika Vita vya Kwanza, kile kikosi cha wapagazi ambacho jina lake bado liko Nairobi pale Kariokor. Walikuwa wanalipa kodi ya nyumba. Walikuwa wanavaa kipande shingoni kama ng'ombe anavyovaa kengele. Na hapa Kakamega, miaka miwili tu baada ya makala ile, dhahabu ikapatikana. Wazungu wakamiminika na mahema yao. Sheria ya ardhi ambayo serikali ilikuwa imeahidi kwamba ingelinda hifadhi za wenyeji milele ikabadilishwa Desemba 1932 ili watu waweze kuondolewa na kulipwa pesa badala ya kupewa shamba lingine. Mgodi wa Rosterman, ambao leo ni jina la mtaa ukitoka mjini, ulichimbwa hadi miaka ya hamsini mwanzoni. Ukimwambia mzee wa enzi hizo kwamba hakuwa na mawazo, angekushangaa.

Lakini usitupe namba za Donnison kwa sababu maelezo yake yalikuwa ya kipuuzi. Hili ndilo jambo gumu la kusoma sayansi ya kikoloni. Mkono mmoja unapima vizuri, mwingine unaandika ubaguzi. Daktari F. W. Vint wa Nairobi alichapisha mwaka wa 1937 matokeo ya kupasua maiti 1,000 za Wakenya, kazi ambayo watafiti wa moyo bado wanaitaja. Vint huyo huyo, miaka mitatu kabla, alikuwa amepima ubongo wa Wakenya na kudai kwamba ni duni. Inabidi usome ukiwa na kisu mkononi, ukate hapa, uache pale.

Ng'ambo ya ziwa, Hugh Trowell aliona jambo lile lile. Alifika Afrika Mashariki mwaka ule ule wa 1929, akafanya kazi Kenya, kisha miaka mingi Mulago, Kampala. Mwaka wa 1956, yeye na mwenzake S. A. Singh waliandika katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki kuhusu Mwafrika mmoja aliyekuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mgonjwa mmoja tu. Ugonjwa ulikuwa nadra kiasi kwamba mgonjwa mmoja alitosha kuwa makala. Trowell aliondoka Uganda mwishoni mwa miaka ya hamsini, na aliporudi kutembea mwaka wa 1970 alikuta Kampala nyingine: watu wanene, presha, kisukari. Damu ya watu ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni sahani na mtaa. Yeye na Denis Burkitt, daktari mwingine wa Mulago, wakageukia makapi ya chakula, zile nyuzi za mboga na nafaka isiyokobolewa, na wakaufanya ulimwengu uanze kuzungumza kuhusu nyuzinyuzi.

Bado hakuna aliyekuwa ameikamata presha ikipanda. Donnison alipiga picha ya kwanza, Trowell akapiga ya mwisho, lakini katikati palikuwa giza. Waliowasha taa walikuwa kikundi cha watafiti kutoka Nairobi na London katika miaka ya themanini. Kiongozi alikuwa Neil Poulter. Mkenya katika kikundi hicho alikuwa Profesa Mutuma Mugambi, mtaalamu wa fiziolojia. Walifanya jambo rahisi na la busara. Walikwenda vijiji vya Wajaluo upande wa kaskazini wa Ziwa Victoria, siyo mbali na sisi, wakasubiri vijana wahamie Nairobi kutafuta kazi, kisha wakawafuata. Wahamiaji 325, na wenzao 267 waliobaki kijijini. Waliwapima mara kwa mara kwa miaka miwili. Matokeo yalichapishwa katika jarida la madaktari wa Uingereza mwaka wa 1990.

Presha haikungoja uzee. Wahamiaji walikuwa juu ya wenzao wa kijijini mapema tu baada ya kufika mjini. Mapigo ya moyo yalikuwa ya kasi zaidi, uzito ulikuwa zaidi, na mkojo ulikuwa umebadilika: sodiamu ilikuwa juu ukilinganisha na potasiamu. Watafiti waliangalia pia kama labda wanaohama ni watu ambao tayari wana presha, wakaona sivyo.

Nataka tukae kidogo kwenye huo mkojo, kwa sababu hapo ndipo homoni zinapoingia.

Figo zako zina kazi mbili. Moja unaijua, kuchuja. Ya pili ni kulinda chumvi. Kwa sehemu kubwa ya historia ya binadamu, chumvi ilikuwa adimu, hasa kwetu sisi tulio mbali na bahari, na jua lilikuwa linatutoa jasho. Kwa hivyo mwili ukajitengenezea walinzi. Damu ikipungua nguvu au chumvi ikipungua, figo hutoa kitu kinachoitwa renini. Renini ilitambuliwa Stockholm mwaka wa 1898 na Robert Tigerstedt. Hiyo renini hukata protini moja inayotoka kwenye ini, na mwishowe inapatikana anjiotensini, homoni inayobana mishipa. Anjiotensini nayo huamsha tezi ndogo iliyokaa juu ya figo kama kofia, itoe aldosteroni. Aldosteroni iligunduliwa mwaka wa 1953. Kazi yake ni kuiambia figo: rudisha sodiamu, achilia potasiamu. Sodiamu ikirudi, maji huifuata. Maji yakirudi, damu inajaa, presha inapanda.

Kwa mtu wa kijijini anayekula mboga za majani, viazi vitamu, ndizi na maharage, na chumvi ya kidole, mlinzi huyu ni mwokozi. Potasiamu inaingia kwa wingi, na figo ikiona potasiamu nyingi huwa inaiachia sodiamu itoke. Sasa mchukue mtu huyo umpeleke Nairobi akale mkate, chipsi, soseji na mchuzi wa unga wa paketi. Sodiamu inaingia kwa ndoo, potasiamu imebaki kijijini, na walinzi wake bado ni wale wale waliozoea ukame. Wengine figo zao huweza kuzima ile njia ya renini na kuitapika chumvi. Wengine haziwezi haraka hivyo.

Mmoja wa waandishi wa utafiti ule wa Wajaluo alikuwa Stanley Peart wa London. Huyu ndiye aliyekuwa katika wale wachache waliofanikiwa kuisafisha anjiotensini katika miaka ya hamsini. Yaani mtu aliyetumia ujana wake kuitafuta homoni ndani ya maabara, baadaye jina lake likatokea kwenye utafiti uliokuja kuangalia kinachoendelea pale kijana anapopanda basi la Nairobi. Naipenda hiyo safari kuliko ninavyoweza kueleza.

Na kijiji chenyewe kiliingia kwenye ramani ya dunia. Mwaka wa 1988 ulitoka utafiti mkubwa ulioitwa Intersalt, watu 10,079, vituo 52, nchi 32, wote wamepimwa presha na mkojo wa saa ishirini na nne. Vituo vinne vilijitenga na vingine vyote kwa kula chumvi kidogo sana: viwili vya watu wa misitu ya Brazil, kimoja Papua New Guinea, na kimoja Kenya. Katika sehemu hizo nne presha ilikuwa chini na haikupanda sana na umri. Kwa hivyo alichokiona Donnison mwaka wa 1929 kilikuwa bado kipo miaka ya themanini, mahali fulani kando ya ziwa letu. Kilikuwa kinaondoka basi moja baada ya lingine.

Nilimsomea kukhu hayo yote, nikitafsiri kwa Kiluhya changu kilichovunjika. Alisikiliza kwa heshima. Kisha akauliza, "Kwa hivyo wamegundua chumvi?"

Kukhu anatengeneza musherekha. Kama wewe ni wa huku unajua, kama si wa huku nitakueleza. Unachukua maganda na mabua makavu ya maharagwe, unachoma, unakusanya majivu. Majivu unayaweka kwenye mkebe au chungu kilichotobolewa matundu chini, unamimina maji taratibu. Yanayodondoka ni musherekha, maji yenye rangi ya chai hafifu na yanayoteleza vidoleni. Ukitia kidogo kwenye kunde, mrenda au mito, mboga zinalainika haraka. Zamani, kabla duka halijafika, ladha ya sufuria ilitoka hapo.

Majivu ya mimea ni potasiamu kwa sehemu kubwa. Si mimi ninayesema. Jina lenyewe la potasiamu limetokana na majivu: Wazungu wa kale walichuja majivu kama kukhu, wakachemsha maji yake kwenye chungu, na walichokipata wakakiita majivu ya chungu. Mwaka wa 1807 Humphry Davy alipitisha umeme kwenye majivu hayo huko London akapata madini mapya, na jina likabaki. Herufi yake kwenye kemia, K, inatoka kwenye neno la Kiarabu la majivu ya mimea, al-qali. Nilisoma kemia ya sekondari miaka minne, nikakariri kwamba K ni potasiamu, na hakuna aliyeniambia kwamba K iko jikoni kwetu inadondoka kwenye mkebe.

Hapa nikataka kumaliza makala. Ingekuwa tamu: bibi ana jibu, sayansi imefika imechelewa, tuchome maganda ya maharagwe wote tupone. Ukweli hauko hivyo. Musherekha hutiwa kidogo, na potasiamu nyingi ya chakula cha zamani ilitoka kwenye mboga na viazi vyenyewe. Tena maji ya majivu ni makali, yanaua baadhi ya vitamini za mboga. Na potasiamu si mchezo: mtu ambaye figo zake zimechoka, au anayemeza aina fulani za dawa za presha, ikimjaa inaweza kusimamisha moyo. Kukhu pia si ushahidi wa chochote. Ni mtu mmoja. Marafiki zake wawili wa kanisani, wapika musherekha wazuri kuliko yeye, wanameza vidonge kila asubuhi.

Kilicho kweli ni kwamba wazo lenyewe la kubadilisha chumvi limepimwa. Huko China, katika vijiji 600, watu 20,995 waliokuwa wamewahi kupata kiharusi, au waliokuwa na umri mkubwa na presha, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja likaendelea na chumvi ya kawaida, lingine likapewa chumvi ambayo robo yake ni potasiamu. Matokeo yalitoka 2021: kiharusi kilipungua kwa asilimia 14 kwa waliobadilisha. Asilimia 14 inaonekana kidogo hadi uwe umemsaidia baba yako kufunga vifungo vya shati.

Dawa nazo zimesogea, na mara hii sisi hatukuwa watu wa kupimwa tu. Utafiti ulioitwa CREOLE, wa 2019, ulifanywa na madaktari wa Afrika katika nchi sita, Kenya na Uganda zikiwemo, kwa wagonjwa 728. Waliuliza ni vidonge gani viwili vikiunganishwa vinashusha presha ya mtu mweusi vizuri zaidi, na wakapata kwamba mchanganyiko wenye amlodipini ulishinda ule usiokuwa nayo. Amlodipini ni dawa ya zamani na ya bei nafuu. Jibu liko kwenye rafu.

Kwa hivyo presha ilifikaje Shieywe? Haikuja na ustaarabu kama alivyodhani Donnison, wala si laana ya ukoo kama shangazi yangu anavyoomba Ijumaa usiku. Ilikuja na mambo unayoweza kuyaorodhesha: chumvi ya duka ya bei ya chini, mboga zilizoondoka kwenye sahani, uzito, kukaa, mawazo ya kodi ya nyumba na karo. Na ikakuta watu ambao hakuna anayewapima. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu robo ya Wakenya wazima wana presha ya juu, na asilimia 56 hawajawahi kupimwa hata mara moja. Baba alikuwa katika hao 56. Alikuwa na miaka hamsini na mbili na mkono hakuna aliyeushika.

Nilirudi kupimwa mara mbili kama nilivyoambiwa. 144 kwa 92, halafu 142 kwa 92. Nikatumwa kliniki. Daktari akasema tuanze na chakula na kutembea, turudi baada ya miezi mitatu, na kama namba hazijashuka tutaongea kuhusu kidonge. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na iliyo ndani ya mkate na smokie. Nilijaribu kuhesabu yangu ya siku moja nikaacha kabla ya chakula cha jioni.

Baba ndiye aliyechukua hatua ambayo sikuitegemea. Jumapili iliyofuata alimwambia jirani alete ile mashine kwetu baada ya ibada, na akawaita kaka zake wawili kutoka Butsotso kwa kisingizio cha chai. Walipoketi, akaweka mkono wake wa kulia mezani, ule unaofanya kazi, akasema, "Anza na mimi, hawa wanafuata." Ba'mdogo mmoja alikuwa 178 kwa 104. Hakuwa na dalili yoyote. Alikuwa amekuja kwa baiskeli.